Ngiri ya paja "iliyorudi na kunyongwa": iandikweje, na ipewe namba gani?

Swali la msomaji

"Shikamoo daktari. Mimi ni afisa kumbukumbu za afya katika hospitali ya mkoa. Nina faili la mama wa miaka 68 aliyefanyiwa upasuaji wa dharura mwezi uliopita. Utambuzi ulioandikwa siku ya kuruhusiwa ni ngiri ya paja la kulia, iliyorudi, iliyonyongwa. Ripoti ya upasuaji inasema kitanzi cha utumbo mwembamba kilikuwa kimebadilika rangi na kuwa karibu cheusi, kikafunikwa kwa gozi za uvuguvugu kwa dakika kumi, rangi ikarudi, utumbo haukukatwa. Mwenzangu ametoa namba K41.4 kwa hoja kwamba kunyongwa ni kuoza. Mimi nilitoa K41.3, lakini sioni mahali pa kuonyesha kwamba ngiri imerudi. Tena historia yake inasema 2019 alipasuliwa ngiri ya kinena, upande huohuo wa kulia. Je, hii ya sasa imerudi au ni mpya? Naomba unifafanulie maneno haya na namba zake."

Jibu

Marahaba. Namba yako ndiyo sahihi: K41.3. Mwenzako amekosea, ingawa kosa lake ni la watu wengi, wakiwemo madaktari. Lakini neno linalonisumbua zaidi katika faili hilo silo lile mnalobishania, bali ni hilo "iliyorudi", ambalo huenda halikustahili kuwepo kabisa. Nitaanza na mahali ngiri ilipo, kisha hali ya utumbo, ndipo nirudi kwenye hilo.

Katika Kiswahili cha kila siku neno ngiri limebebeshwa mengi. Busha wengine huliita ngiri maji, maumivu yoyote ya chini ya kitovu huitwa ngiri, na mshipa ni ngiri au si ngiri kutegemea unazungumza na nani na mko pwani au bara. Katika tiba neno hili lina maana moja: kiungo au sehemu ya kiungo, mara nyingi utumbo au lile shela la mafuta linaloning'inia mbele yake, kupenya kwenye tundu au udhaifu wa ukuta uliopaswa kukizuia. Ndiyo maana jina la ngiri halikamiliki bila jina la tundu. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ngiri zote za tumbo zimewekwa kati ya K40 na K46, na tarakimu mbili za kwanza hazisemi chochote isipokuwa mahali: K40 ni ya kinena, K41 ni ya paja, K42 ni ya kitovu, na kuendelea hivyo.

Ngiri ya kinena hupita juu ya kano ya kinena, ndani ya mfereji ambao kwa mwanamume hupitisha kamba ya korodani na kwa mwanamke hupitisha kano ya duara ya mji wa mimba. Ngiri ya paja hupita chini ya kano hiyohiyo, kwenye tundu dogo lililo pembeni ya mshipa mkubwa wa damu unaotoka mguuni. Daktari akikugusa atatafuta kinundu cha mfupa wa kinena: uvimbe ulio juu yake na kuelekea katikati ni wa kinena, ulio chini yake na kuelekea nje ni wa paja. Kwa maandishi tofauti hiyo inaonekana wazi kabisa. Kwa kidole, juu ya mama mnene mwenye maumivu saa nane za usiku, haiko wazi hata kidogo, na ngiri ya paja ina tabia ya kujikunja kuelekea juu hadi ikakaa mbele ya kano na kujifanya ya kinena. Mara nyingine hata haifiki kuitwa ngiri. Mama huambiwa ana mtoki, kwa kuwa uvimbe ni mdogo kama kokwa la embe changa, mgumu, umekaa palepale tezi za paja zinapovimba, na kwa kuwa watu wengi wanaamini ngiri ni maradhi ya wanaume. Ngiri za kinena kweli ni za wanaume kwa sehemu kubwa. Za paja huwapata zaidi wanawake, hasa waliokwisha kuwa na umri mkubwa.

Zingatia umbo la tundu lenyewe, kwa maana ndilo linaloeleza matatizo yote yanayofuata. Mbele yake ipo kano ya kinena. Upande wa katikati ya mwili ipo kano ya Gimbernat, yenye ukingo mkali. Nyuma ipo kano ya Cooper, iliyolala juu ya mfupa. Upande wa nje ipo vena kuu ya paja. Pande tatu hazinyumbuliki, na wa nne ni mshipa wa damu ambao hakuna mpasuaji mwenye akili timamu atakayeuchokoza. Utumbo ukishapenya humo ukavimba kidogo tu, hakuna upande unaoweza kuupisha. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 1991 ulikadiria kwamba uwezekano wa ngiri ya paja kunyongwa ulikuwa asilimia 22 ndani ya miezi 3 tangu ijitokeze, na asilimia 45 ndani ya miezi 21, ilhali kwa ngiri ya kinena ulikuwa asilimia 2.8 katika miezi hiyo 3. Takwimu za rejista ya ngiri ya Sweden zilizochapishwa 2009 zilionyesha kwamba takriban asilimia 36 ya wagonjwa wa ngiri ya paja walipasuliwa kwa dharura, na karibu asilimia 23 ya hao wa dharura walikatwa utumbo. Kwa hiyo namba zinazofuata nukta katika K41 ndizo zinazotenganisha mgonjwa aliyerudi nyumbani baada ya siku mbili na yule aliyelala wiki tatu.

Sasa tuje kwenye hali ya utumbo. Maneno hapa ni matano, na kila moja lina kiwango chake cha hatari. Ngiri inayorudishika ni ile inayoingia tumboni mgonjwa akilala au akiisukuma. Isiyorudishika haiingii, hata kama haina maumivu: pengine kilichomo ni mafuta yaliyoshikana na mfuko wa ngiri tangu zamani. Iliyonasa ni isiyorudishika pia, lakini waandishi wengi hulitumia neno hilo pale ngiri iliyokuwa ikirudi inapokwama ghafla. Iliyoziba ni ile ambayo ndani yake mmekwama utumbo na chakula hakipiti, hivyo mgonjwa anatapika, tumbo linajaa, haja kubwa na upepo vinakatika. Iliyonyongwa ni ile ambayo damu ya kilichonaswa imezuiwa. Vena hubanwa kwanza kwa sababu kuta zake ni laini, damu inaingia bila kutoka, utumbo unavimba na kuwa wa zambarau, na uvimbe huo ndio unaokuja kuibana hata ateri. Baada ya hapo, na hapo tu, tishu zinakufa. Kufa huko ndiko gangrini.

Kumbe kunyongwa ni njia na gangrini ni mwisho wa njia hiyo, na si kila aliyeianza anafika. Mama wa faili lako alikuwa njiani. Wewe husimami kwenye chumba cha upasuaji, kwa hiyo acha nikueleze zile dakika kumi zilivyo. Mpasuaji amekwisha kuilegeza shingo ya ngiri, amevuta kitanzi cha utumbo nje, na kitanzi kimelala mkononi kizito, cheusi kama zabibu, kimepoa, hakijongei. Anakifunika kwa gozi zilizoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, mtaalamu wa usingizi anaongeza oksijeni, na chumba kizima kinanyamaza kumtazama muuguzi mwenye saa. Gozi zinaondolewa. Kama weusi umegeuka kuwa wekundu, uso wa utumbo umepata tena mng'ao, ateri ndogo za kwenye utando zinadunda na wimbi la utumbo kujikaza limepita juu ya kitanzi kilipochokolewa kwa kidole, utumbo u hai, unarudishwa tumboni. Kama umebaki wa kijivu au wa kijani na unanuka, unakatwa. Ripoti ya mama huyu inasema rangi ilirudi na utumbo haukukatwa. Hakukuwa na gangrini. Alama ya mwanzo ya weusi haitoshi kuitwa gangrini, kwa sababu hukumu ni ya mwisho wa zile dakika, si ya mwanzo wake.

ICD-10 imelifuata jambo hilo kwa namna yake. K41.3 ni ngiri ya paja ya upande mmoja, au ambayo upande wake haukutajwa, yenye kuziba bila gangrini, na maelezo yaliyo chini yake yanaingiza humo ngiri inayosababisha kuziba, iliyonasa, isiyorudishika na iliyonyongwa, maadamu hakuna gangrini. K41.4 ni ya upande mmoja yenye gangrini. K41.9 ni ya upande mmoja isiyo na kuziba wala gangrini. Zile za pande zote mbili zina mpangilio uleule: K41.0 kwa kuziba, K41.1 kwa gangrini, K41.2 kwa isiyo na lolote. Na mgonjwa akiwa na kuziba na gangrini kwa pamoja, anahesabiwa kwenye gangrini. Kwa hiyo hoja ya mwenzako ingekuwa na nguvu iwapo ripoti ingetaja utumbo uliokufa, au kipande kilichokatwa na kupelekwa maabara kwa sababu hiyo. Ukiacha K41.4 ikasimama, mkaguzi wa bima atakayeisoma ataitafuta gharama ya kukata na kuunga utumbo, hataiona, na swali litarudi mezani kwako.

Ningependa usiamini kupita kiasi kwamba neno "kuziba" katika jina la namba hiyo lina maana ya kuziba kweli. Ndani ya K41.3 wamo wagonjwa ambao utumbo wao haujaziba hata dakika moja: yule mwenye mafuta yaliyonasa bila maumivu, na yule mwenye ngiri ya Richter. Hii ya Richter inapenda sana tundu la paja kwa kuwa ni dogo. Hainasi mzunguko mzima wa utumbo, inanasa upande mmoja tu wa ukuta wake, kama mtu anavyofinya kitambaa kwa vidole viwili, huku njia ya chakula ikibaki wazi. Mgonjwa hatapiki, anaweza hata kuharisha, uvimbe hauonekani vizuri, na wakati huo kile kipande kilichofinywa kinaelekea kuoza. Kwa takwimu atawekwa kwenye boksi la "kuziba" au la gangrini. Kwa tiba ni mgonjwa mwingine kabisa, na neno Richter lisipoandikwa kwa mkono katika utambuzi litapotea moja kwa moja. Ndivyo ilivyo pia kwa ngiri ya paja yenye kidole tumbo ndani yake, iliyoelezwa na Mfaransa de Garengeot mwaka 1731 na ambayo bado inabeba jina lake. Nayo ni K41. Kidole tumbo kikiwa na uvimbe mkali, unaongeza K35.

Kosa jingine ninaloliona katika mafaili ni kuongeza namba ya kuziba kwa utumbo, K56, pembeni ya K41.3. Usifanye hivyo. K56 yenyewe inawatoa nje wagonjwa ambao kuziba kwao kumetokana na ngiri, kwa sababu kuziba huko kumekwisha kuhesabiwa ndani ya namba ya ngiri. Kuongeza namba kunafaa pale kuna jambo ambalo K41 haikulibeba, kwa mfano utumbo ukishatoboka na usaha ukaenea tumboni, ambapo K65 ya uvimbe wa utando wa tumbo inastahili nafasi yake.

Haya, sasa hilo la kurudi.

ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani haina mahali pa kulionyesha, na hukukosea kutoliona. Maelezo ya mwanzoni mwa kundi la K40 hadi K46 yanasema kwamba ngiri iliyorudi inaingia humo, basi. Inapewa namba ileile ya ngiri ya mara ya kwanza. Wamarekani waliliona pengo hilo zamani. Katika mfumo wao wa awali, ICD-9-CM, ngiri ya paja ya upande mmoja yenye kuziba ilikuwa 552.00 ikiwa haikutajwa kurudi, na 552.01 ikiwa imerudi. Walipohamia ICD-10-CM tarehe 1 Oktoba 2015 waliiendeleza tofauti hiyo kwa alama ya tano, ukihesabu na herufi K: K41.30 kwa isiyotajwa kurudi, K41.31 kwa iliyorudi, K41.40 na K41.41 vivyo hivyo, na kadhalika katika familia nzima. Kwa hiyo ukiona mtandaoni jedwali lenye namba za alama tano, usilinakili kwenye fomu zetu. Si kwamba ni makosa, ni la nyumba nyingine. Lakini tabia yake moja inafaa kuigwa. Linasema "isiyotajwa kurudi", halisemi "ya kwanza". Anayetoa namba hana kibali cha kudhani kwamba ngiri ni mpya kwa sababu tu hakuna aliyesema imerudi, na kwa kipimo hichohicho hana kibali cha kudhani imerudi kwa sababu tu kuna kovu.

Hapo ndipo faili la mama huyu linapoyumba. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nami niliandika "iliyorudi" kwa kila mwenye kovu kwenye kinena, na hakuna aliyeniuliza kitu. Ni bingwa mmoja mzee, siku ya kupitia mafaili, aliyenyanyua karatasi yangu na kuniuliza: imerudi wapi? Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimesoma ripoti ya upasuaji wa kwanza.

Kwa maana finyu, ngiri imerudi inapotokea tena upande uleule, kwenye tundu lilelile lililokwisha kuzibwa. Kwa maana pana, ambayo rejista nyingi za upasuaji huitumia, ngiri yoyote ya eneo la kinena na paja baada ya upasuaji wa ngiri wa upande huo huhesabiwa kuwa ni kurudi, hata kama tundu ni jingine. Mama wa 2019 alizibwa tundu la juu ya kano. Sasa ametokeza chini ya kano. Kwa maana finyu hii ni ngiri yake ya kwanza ya paja. Kwa maana pana ni upasuaji wa ngiri ulioshindwa upande wa kulia. Maana zote mbili zina kazi yake. Anayetaka kujua ubora wa upasuaji wa hospitali atachukua ile pana, kwa sababu mgonjwa hajali ni tundu gani, anachojua ni kwamba alipasuliwa na uvimbe umerudi. Anayetoa namba ya ugonjwa achukue ile finyu, kwa sababu namba inataja tundu.

Na usidhani kwamba tukio lenyewe ni la nadra mno. Takwimu za rejista ya Denmark zilizochapishwa 2002 zilionyesha kwamba waliowahi kupasuliwa ngiri ya kinena walipata ngiri ya paja takriban mara 15 zaidi ya ilivyotarajiwa, na ngiri hizo zilijitokeza mapema kuliko zile za kinena zilizorudi. Kule kujitokeza mapema kunatia shaka kwamba baadhi zilikuwepo tangu siku ya upasuaji wa kwanza na hazikuonekana: mpasuaji alifungua mfereji, akakuta au akadhani amekuta ngiri ya kinena, akashona, akafunga, bila kuingiza kidole kulitafuta tundu la paja. Maelezo mengine ni kwamba mshono wa kizamani unaoivuta misuli kuelekea kano ya kinena unaweza kuinyanyua kano yenyewe na hivyo kulipanua tundu lililo chini yake. Na lipo la tatu, la kiofisi zaidi: huenda ngiri ya 2019 ilikuwa ya paja tangu mwanzo, ila mwandishi wa muhtasari aliandika "kinena" kwa kuwa kwake yeye kila kinachovimba hapo ni kinena.

Kwa hiyo litafute faili la 2019, na usisome muhtasari wa kuruhusiwa bali ripoti ya upasuaji yenyewe. Ukikuta mfuko wa ngiri ulitenganishwa na kano ya duara ya mji wa mimba, ilikuwa ya kinena. Ukikuta jina Lockwood, mpasuaji aliingia kwa chini, moja kwa moja juu ya ngiri ya paja. Ukikuta McEvedy, aliingia kwa juu kwa ajili ya ngiri ya paja, mara nyingi kwa dharura. Lakini kuwa mwangalifu na kufunguliwa kwa mfereji wa kinena peke yake, maana ipo njia ya Lotheissen, ya tangu 1898, inayoifikia ngiri ya paja kwa kupita humohumo. Katika hali hiyo tafuta mshono ulishika nini upande wa chini: ukitajwa kushika kano ya Cooper, tundu la paja lilifungwa, na hapo neno "iliyorudi" linaanza kupata haki yake. Angalia pia kama wavu wa kuimarisha ukuta uliwekwa, kwa sababu anayerudia upasuaji hupendelea njia ambayo haikutumika mara ya kwanza: aliyepasuliwa kwa mbele hupitiwa kwa nyuma, na kinyume chake.

Madaktari wana mipangilio yao mingine, na utaiona kwenye ripoti, hivyo itambue japo haikupi namba ya ICD. Ule wa Nyhus wa 1993 ni wa aina nne: ngiri ya paja ya kwanza ni IIIC, na aina ya IV yote ni ya zilizorudi, ambamo ya paja ni IVC. Ule wa Gilbert wa 1989 haukuwa na ngiri ya paja hadi Rutkow na Robbins walipoiongeza kama aina ya 7, na hausemi lolote kuhusu kurudi. Mimi nashauri wanafunzi wangu watumie ule wa Jumuiya ya Ulaya ya Ngiri wa 2007, ambao mwongozo wa kimataifa wa 2018 nao uliupendekeza, kwa sababu ni mfupi na kila herufi ina kazi. P ni ya kwanza, R ni iliyorudi. L, M na F ni tundu: L na M ni za kinena, za pembeni na za katikati, na F ni ya paja. Kisha ukubwa hupimwa kwa ncha ya kidole cha shahada, ambayo huchukuliwa kuwa kama sentimita 1.5: namba 1 ni tundu lisilozidi kidole kimoja, 2 ni hadi vidole viwili, 3 ni vitatu au zaidi. Ngiri ya paja iliyorudi yenye tundu la kidole kimoja ni R, F1. Unaona kwamba hapa kuna nafasi ya kurudi lakini hakuna ya kunyongwa, ilhali ICD-10 ina nafasi ya kunyongwa na haina ya kurudi. Hakuna mfumo mmoja kati ya hii unaombeba mgonjwa mzima, na ndiyo sababu sentensi ya utambuzi inayoandikwa kwa maneno haiwezi kuachwa ife. Toleo la ICD-11, lililoanza kutumika Januari 2022, linaruhusu kuunganisha namba ya msingi na za nyongeza, ukiwemo upande wa mwili, lakini fomu unazojaza leo bado zinadai namba moja kuu.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa nimewahi kuliona likifanyika kwa nia njema. Kurudi kwa ngiri hakuhesabiwi kwenye namba za madhara ya upasuaji, zile za T81 na T85. Hizo ni za jeraha lililopata usaha, T81.4, au wavu uliopata maambukizi, T85.7, na zinahitaji daktari awe ameandika tukio hilo waziwazi. Mtu akipasuliwa leo na ngiri ikatokea tena baada ya miaka mitano, anarudi kwenye K41 kama mgonjwa wa ngiri. Ukitaka historia ya upasuaji wa 2019 ionekane katika takwimu, unaweza kuongeza Z98.8 kama namba ya pili.

Kwa mama huyu, basi, namba kuu ni K41.3. Kuhusu maneno, usiyabadilishe mwenyewe; utambuzi ni wa daktari na sahihi ni yake. Mpelekee mpasuaji faili likiwa na swali lililoandikwa, lisilomwelekeza kwenye jibu: ngiri ya 2019 ilikuwa kwenye tundu lipi, ya paja au ya kinena? Kama faili la zamani linathibitisha ilikuwa ya kinena, naye akikubali, sentensi itasomeka hivi: ngiri ya paja la kulia, ya kwanza kwenye tundu hilo, iliyonyongwa ikiwa na kitanzi cha utumbo mwembamba, bila gangrini, utumbo haukukatwa, aliwahi kufanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena ya kulia 2019. Kama ilikuwa ya paja, maneno "ya kwanza kwenye tundu hilo" yatafutwa, neno "iliyorudi" litabaki palepale lilipo, na namba yako haitaguswa.